Si sukari peke yake

Makala yenu kuhusu sukari na saratani ni nzuri, ila inampa Otto Warburg, mtafiti aliyechunguza jinsi seli za saratani zinavyotumia sukari, nafasi yote, na msomaji anabaki akidhani kuacha sukari kwenye chai ni tiba. Siyo. Ini hutengeneza glukosi lenyewe hata ukifunga, na mgonjwa aliyekwisha kukonda ndiye anayeumia kwanza akinyimwa chakula.

Kuishambulia seli ya saratani kupitia lishe yake si wazo la jana. Mwaka 1948 Sidney Farber wa Boston alieleza jinsi watoto wenye lukemia walivyopata nafuu, ingawa ya muda, kwa aminopterini, dawa inayozuia kazi ya folati. Methotreksati, ya ukoo huohuo, inatumika hadi leo. Mimi huvutiwa zaidi na asparajinasi, kimeng'enya kitokacho kwa bakteria, ambacho huimaliza asparajini iliyomo kwenye damu. Seli nyingi za kawaida hujitengenezea asidi-amino hiyo. Za lukemia ya limfu hazijiwezi, huishi kwa ya kuomba, basi zinakufa. (Kongosho na ini navyo vinaweza kudhurika, tusifichane.)

Dawa nyingine ya saratani inayolenga umetaboli wa seli, ivosidenibu, iliyoidhinishwa Marekani 2018, huwafaa wenye mabadiliko kwenye jeni ya IDH1 tu. Kabla ya kidonge hicho lazima kipimo cha jeni, na mwandishi hakukigusa kabisa.