Mikrobe inajua kujilinda na kobalti, shiye bado



Baba anarudi jioni kutoka ku shimo, vumbi iko mu nguo na mu nywele. Batoto banamukimbilia, anababeba. Mama anafua ile nguo mu beseni moja na ya batoto. Hakuna mwenye kuwaza mabaya. Lakini ile vumbi iko na mukuba na kobalti ndani.

Kuko kiumbe kidogo chenye kilijifunza kuishi na hizo sumu. Mwaka 1976, ku Engis mu Ubelgiji, batafiti balipata mu matope ya izini ya zinki bakteria yenye inaitwa leo Cupriavidus metallidurans. Kisha bakatafuta ndugu zake mu udongo wa huku kwetu Katanga, na bakazipata.

Mwaka 2010 jenomu yake yote ikatangazwa. Jenomu ni sawa kitabu chenye kila kiumbe kinabeba ndani ya mwili: ukikisoma, unajua kinakula nini na kinajikinga namna gani. Mule balisoma kama ile bakteria iko na pompi ndogo ndogo zenye kusukuma kobalti, zinki na kadimiu inje. Maagizo mengi ya kutengeneza hizo pompi yako mu vipande viwili vya pembeni, vyenye bakteria inaweza kumupa mwenzake. Ni kama vile muchimbaji anaazima jirani pompi ya kutosha maji mu shimo. Njo maana nguvu ya kuvumilia sumu inaenea mbio.

Shiye batu hatukujengwa vile. Mwaka 2020, baprofesa na baganga ba UNILU pamoja na benzabo ba Ubelgiji balitangaza mu gazeti The Lancet Planetary Health uchunguzi wenye balifanya hapa Lubumbashi: batoto benye kuzaliwa na ulema balionekana zaidi kwa bababa benye kazi ya migodi. Haimaanishe kila mutoto wa muchimbaji atazaliwa vile. Lakini inatosha kutuamusha.

Bamoja banasema: basi, hizo mikrobe zitatusafishia maji. Tusidanganyane. Mukuba haiozake. Bakteria inaweza kuikamata ao kuisukuma pembeni, lakini chuma inabakia chuma, mpaka mutu aiondoe.

Faida ya kusoma jenomu ni ingine. Mikrobe za udongo zinatuonyesha ni sumu gani inazifinya, na ni wapi. INRB walisoma jenomu ya virusi ya Ebola hapa hapa mu inchi yetu. Kwa nini udongo wa Kasungami na maji ya visima vyetu vingojee labo ya Ulaya? Tunaomba UNILU wapewe mashini na bijana ba kuitumikisha. Kampani zenye kutosha mali chini ya miguu yetu zilipe. Na jibu lirudi kwetu mu Kiswahili, lisomwe mbele ya batu ba quartier, lisibakie mu bitabu bya baprofesa peke.

Tukingojea, tufanye yenye tunaweza. Nguo ya kazi ibakie ku kazi, ao ifuliwe peke yake. Tuoge mbele ya kubeba mutoto. Bakteria iko na pompi zake. Mutoto wetu yeye iko na shiye tu.