Albamu Si Gunia
Afro East ya Harmonize, 2020: nyimbo 18. High School, mwaka uliofuata: nyimbo 20. Nilizisikiliza zote kwa bando la kuungaunga. Sauti anayo, sibishi. Ninachogombea ni gunia.

Kanda za mama zilikuwa na upande A na B. Nafasi ilikuwa finyu, msanii akalazimika kuchagua na kuacha. Leo haachi kitu. Huenda mmojawapo ukavuma. Kazi ya kupepeta pumba katuachia sisi, kwa fedha zetu.

Sauti Sol, 2020 hiyohiyo, waliishia nyimbo 13 kwenye Midnight Train. Hiyo bado naisikiliza mwanzo hadi mwisho.

Wasanii wetu, tupeni kumi mnazoziamini. Kutuchagulia ni kutuheshimu.