Betri Ipimwe Kwanza

Asubuhi za Juni na Julai, kipupwe kinapoushika mji wa Likasi, magari mengi ya mitaa ya Kikula na Panda, aghalabu yaliyokwisha kutumika Japani kabla ya kutufikia kwa njia ya mpaka wa Kasumbalesa, huwaka kwa shida. Na mara ufunguo uzungushwapo, dashibodi nzima hujaa taa: ya injini, ya breki, hata ya usukani. Mwenye gari hushikwa na hofu akakimbilia gereji, mashine ya kusomea kasoro ikatoa orodha ndefu, na fundi, pasipo kudadisi zaidi, akaagiza sensa kutoka Lubumbashi. Sensa ikalipiwa kwa dola, ikafungwa, na baada ya siku chache taa zikarudi zile zile.

Taa hizo ni mashahidi wakweli wa yale waliyoyaona, ila chanzo, ambacho mara nyingi ni betri, hawakukiona. Betri nzima iliyojaa na kutulia huwa na volti 12.6 hivi; ikishuka hadi 12.2 imebakiwa na kadiri ya nusu ya akiba yake, ingawa redio huimba kama kawaida, jambo ambalo humghilibu mwenyewe. Stata inapovuta mkondo wake wa amperi mia na zaidi, betri iliyochoka huweza kuanguka chini ya volti 9.6, na katika nukta hiyo baadhi ya visanduku vya kompyuta huzimika, navyo vilivyosalia macho huandika kwamba mwenzao hakujibu. Umeme ukisharudi sawa, maandishi hubaki, na mashine huyasoma kana kwamba kasoro ingalipo.

Ajabu ni kwamba betri yasahauliwa katika mji ambao tangu 1929 shaba yayeyushwa kwa asidi ya salfa pale Shituru. Asidi hiyo hiyo ndiyo iliyomo ndani ya betri, na ule ukoko wa kijani na buluu juu ya ncha zake ni chumvi ya shaba ya waya, ambayo huuzuia umeme kupita hata betri ikiwa mpya. Kuusafisha ni kazi ya brashi na maji ya moto.

Lipo pia lile tendo la baadhi ya mafundi kuchomoa waya wa betri injini ikinguruma, eti wajue kama alteneta yafanya kazi. Silioni kuwa ni ufundi hata kidogo: umeme huweza kuruka ghafla na kuunguza kompyuta iliyokuwa salama. Alteneta hupimwa kwa mita, injini ikizunguka, nayo yapasa kuonyesha volti 13.8 hadi 14.5 hivi; zikipungua sana, betri mpya nayo itakufa vile vile.

Hata magari ya umeme, ambayo mengi yake yana betri kubwa zinazokula kobalti ya Katanga yetu, kwa kawaida yangali na betri ndogo ya volti 12, na hiyo ikidhoofika nayo hujaza taa na maonyo.

Basi, ewe mwenye gari, kabla hujatoa dola moja ya sensa, mtake fundi akuonyeshe kwa macho yako volti za betri gari likiwa limelala, kisha stata ikivuta. Na asiye na mita usimkabidhi kazi ya umeme.