Logi ya Mbili na Udongo wa Trans Nzoia

Kila mwaka, baina ya mavuno ya mahindi na mvua za Machi, wakulima wa Trans Nzoia na Bungoma wenye kuyajali makonde yao huchota udongo kidogo huku na huku shambani, wakauchanganya, wakautia mfukoni na kuupeleka kwa wapimaji. Na baada ya siku kadhaa hurejeshewa karatasi yenye safu za tarakimu, ambayo ndani yake ile iandikwayo pH ndiyo ya kwanza kutazamwa na aghalabu ya mwisho kufahamika. Tuwachukue kwa mfano majirani wawili wa upande wa Kiminini, waliotengwa na ua wa miti tu: karatasi ya mmoja yasema 5.8, na ya mwenziwe yasema 5.2. Huyu wa pili, akiona kwamba tafauti haifiki hata moja kamili, huikunja karatasi yake, akaitia kabatini pamoja na stakabadhi za mwaka jana, kisha akaenda dukani kununua mbolea ile ile aliyoizoea, ilhali udongo wake una uchachu mara nne ya ule wa jirani yake.

Liniumalo zaidi ni kwamba katika nyumba hiyo hiyo yumo pengine kijana wa sekondari aliyefundishwa elimu ya vipeo na logi, akajibu maswali ishirini daftarini na kupigiwa alama ya sahihi katika mengi, walakini babaye akimnyoshea karatasi ile na kumwuliza, "Wewe uliye shuleni, hebu nisomee, hii maana yake nini?" hana jawabu la kumpa, kwa kuwa hapana aliyepata kumwambia kwamba pH yenyewe ni logi.

Mimi nilipita njia hiyo hiyo katika shule moja ya Bungoma. Mwalimu wetu alikuwa mtu wa bidii, aliyeandika ubao mzima kwa hati nzuri na kuufuta mara tatu katika kipindi kimoja. Akatufundisha kuitafuta namba ukingoni mwa jedwali la tarakimu nne, kutembeza kidole kulia hadi safu ipasayo, kuongeza ile tafauti ndogo ya pembeni, kujumlisha, kisha kurudi kwa njia ya antilogi. Tulijua pia kuziandika zile logi za namba zilizo chini ya moja, zenye mstari juu ya kichwa, ambazo ziliwatoa jasho hata wenzetu waliokuwa hodari. Siku moja mwenzetu mmoja aliinua mkono akauliza, "Mwalimu, lakini logi yenyewe ni kitu gani?" Akajibiwa kwamba ni ile namba aionayo katika jedwali. Aliketi, nasi sote tukaendelea kutembeza vidole.

Rai yangu ni kwamba logi ni swali kabla haijawa jedwali, na mwanafunzi asiyekabidhiwa swali hawezi kulithamini jawabu. Lugha yetu inatusaidia hapa kuliko tunavyodhani. Kiswahili cha hesabu kina kipeo, na kina kipeuo chenye kukitengua, kama kufungua kunavyotengua kufunga. Ukisema kwamba 10 kwa kipeo cha 3 ni 1,000, umesema neno moja ambalo laweza kutenguliwa kwa njia mbili. Kipeuo huuliza: ni namba gani iliyozidishwa kwa nafsi yake mara tatu ikaleta elfu? Logi huuliza: kumi imezidishwa mara ngapi hata ikafika elfu? Mkulima wa Chwele asiyejua kusoma huliuliza swali hili la pili kila siku kwa maneno yake mwenyewe, anaposema, "Wadudu hawa wakiendelea hivi, itachukua muda gani wamalize shamba?"

Mwaka 2017, viwavijeshi wenye asili ya bara la Amerika walipoyavamia mahindi ya magharibi ya Kenya, swali hilo lilikuwa vinywani mwa watu wote. Nondo jike mmoja wa jamii ile huweza kutaga mayai zaidi ya elfu katika uhai wake, na kizazi kimoja, joto likitosha, huchukua takriban mwezi. Katika baridi ya Kitale huchelewa zaidi. Tuseme kwamba ndege, mvua na dawa zinawaua walio wengi, na kila jike akabakisha majike kumi tu yenye kuzaa. Kizazi cha kwanza ni 10, cha pili ni 100, cha tatu ni 1,000. Lini watafika milioni? Katika kizazi cha sita. Na yeyote aliyehesabu sifuri zake kwa kidole amekwisha kutafuta logi ya milioni bila ya kufungua kitabu chochote.

Hapo ndipo lizukapo swali gumu kidogo, lililo mlango wa elimu nzima: ikiwa 10 ina logi ya 1, na 1 ina logi ya sifuri, je, 2 ina logi gani? Laiti kila darasa lingepewa vipindi viwili vya kulijibu kwa mkono! Mwambie mwanafunzi aanze na 2 aizidishe maradufu: 4, 8, 16, 32, 64, 128, 256, 512, 1,024. Zile mbili kumi zimeleta namba iliyo karibu sana na 1,000, yaani kumi tatu zilizozidishwa. Basi logi kumi za mbili ni takriban tatu, na logi moja ya mbili ni takriban 0.3. Jedwali la Baraza la Mitihani linasema 0.3010. Kijana ameikaribia kwa kalamu yake mwenyewe.

Akiisha kuipata hiyo, nyingine humjia kama kuku wafuatao mama yao. Nne ni mbili mara mbili, basi logi yake ni 0.6, nane ni 0.9, tano ni kumi iliyogawanywa kwa mbili, basi ni 1 kutoa 0.3, yaani 0.7. Saba ikizidishwa kwa nafsi yake ni 49, nayo ni jirani wa 50, ambayo ni nusu ya 100 na logi yake ni 1.7, basi logi ya saba ni nusu ya hiyo, 0.85, na jedwali linasema 0.8451. Tatu ni kaidi zaidi: sharti uizidishe hata zitimie tisa, upate 19,683, uione kuwa ni karibu na 20,000 yenye logi ya 4.3, kisha ugawanye kwa tisa, upate 0.478 pale jedwali linaposema 0.4771. Kwa tatu na mbili utapata sita na tisa. Mwisho wa vipindi hivyo viwili darasa zima lina jedwali lake, lenye makosa madogo yanayojulikana yalikotoka. Na kanuni ile ya kujumlisha logi badala ya kuzidisha namba, ambayo sisi tuliikariri kama dua ya lugha tusiyoijua, wao wameitumia mara nane kabla ya kuambiwa kuwa ni kanuni.

Hivi ndivyo elimu hii ilivyozaliwa, kwa kazi ya mikono na subira. John Napier wa Uskochi alichapisha jedwali lake mwaka 1614 baada ya kulitumikia kwa miaka takriban 20. Mwaka uliofuata Henry Briggs alisafiri kutoka London kwenda kumwona, wakakubaliana kwamba kumi ndiyo msingi ufaao. Napier akafariki mwaka 1617, na Briggs akaiendeleza kazi hata mwaka 1624 akatoa jedwali la namba 30,000, kila moja kwa tarakimu 14 baada ya nukta. Wako wadhanio kwamba neno logarithimu, ambalo logi ni ufupisho wake, latokana na jina la al-Khwarizmi, yule mwanachuoni wa Baghdad ambaye kitabu chake cha karne ya tisa kiliipa aljebra jina lake na kikawafundisha watu kugawanya mirathi. Lakini lililotokana na jina lake ni algorithimu, na logarithimu ni neno la Kigiriki lililoundwa na Napier mwenyewe.

Turudi Kiminini. Kipimo cha pH kilibuniwa na S. P. L. Sørensen mjini Copenhagen mwaka 1909, naye alitumia logi ili zile namba ndogo mno za chembe za haidrojeni ziandikike kwa tarakimu moja au mbili. Na kwa kuwa logi hizo zimegeuzwa alama, pH ikishuka uchachu hupanda. Ikishuka kwa 1 kamili, uchachu umezidi mara kumi. Ikishuka kwa 0.3, umezidi mara mbili, kwa sababu 0.3 ndiyo logi ya mbili aliyoitafuta kijana kwa kalamu yake. Kutoka 5.8 hadi 5.2 ni 0.6, yaani maradufu kisha maradufu tena. Fauka ya hayo, yule jirani wa pili amevuka chini ya 5.5, mpaka ambao chini yake alumini iliyomo udongoni huanza kuyeyuka kwa wingi na kuidhuru mizizi ya mahindi, na fosforasi aliyoinunua kwa fedha zake huzuiliwa isifike mmeani. Na mbolea ya DAP aliyoizoea, kwa amonia iliyomo, huuongeza uchachu mwaka baada ya mwaka. Sisemi kwamba sharti atie chokaa mara nne ya mwenziwe, kwa maana kipimo cha chokaa hutegemea pia mfinyanzi na mboji iliyomo udongoni, na kwa hilo kituo cha utafiti wa kilimo cha KALRO kipo papo hapo Kitale. Nasema kwamba angejua kuwa lipo jambo la kuuliza.

Nitajibiwa kwamba kikokotoo kimeruhusiwa katika mtihani wa KCSE, na mtoto akibonyeza vitufe viwili hupata 0.3010 kabla mwalimu hajashika chaki. Ni kweli, nami sitaki kumnyang'anya mtu kikokotoo chake. Lakini kifaa hicho hujibu alichoulizwa, na mwenye kuuliza ni lazima awe mtu. Sensa ya mwaka 2009 ilihesabu watu 818,757 katika Trans Nzoia, na ya mwaka 2019 ikahesabu 990,341. Mwanafunzi ajuaye logi ni nini atagawanya ya pili kwa ya kwanza, apate takriban 1.2096, aone kwamba logi yake ni 0.0826 kwa miaka kumi. Kisha atauliza 0.0826 imo mara ngapi ndani ya 0.3010, na kwa kuwa kila mara ni miaka kumi, atapata miaka kama 36 ya watu kuwa maradufu, mwendo huo ukidumu, juu ya ardhi ile ile. Kikokotoo kitamfanyia kugawanya kote. Wazo la kugawanya hakimpi.

Walimu nao wana hoja nzito zaidi, nayo ni muda, kwa kuwa silabasi ni ndefu na madarasa yamejaa. Nawasihi wautazame mpangilio wenyewe wa masomo. Katika mtaala wa 8-4-4 mada hii ilikuwa ya tatu katika kidato cha pili, na katika gredi ya kumi ya mtaala mpya, iliyoanza Januari 2026, imewekwa tena miongoni mwa mada za mwanzo; kwa hiyo hufundishwa katika muhula wa kwanza, ambao ndio msimu wa kulima na kupima udongo kabla ya kupanda, wakati ambapo chokaa yapaswa kumwagwa mapema ili ipate kufanya kazi kabla ya mbegu. Majuma yale yale kijana anapofungua ukurasa wa logi darasani, karatasi ya udongo imo kabatini nyumbani kwao. Mwalimu na awaombe wanafunzi kumi tu waje nayo Jumatatu.