Kompyuta Kuukuu na Hukumu ya Haraka

Kompyuta mpakato iliyotimiza miaka kumi huhesabiwa katika shule nyingi kuwa imekwisha. Mwalimu huiwasha, akaenda kunywa chai, akarudi na kuikuta bado haijawa tayari. Basi huandikwa katika orodha ya vifaa vibovu. Hukumu hiyo hutolewa mara nyingi bila uchunguzi wowote, na fizikia ya kidato cha pili ingetosha kuipinga.

Diski ngumu ya kompyuta hizo kwa kawaida huzunguka mara 5,400 kwa dakika. Mzunguko mmoja huchukua milisekunde 11 hivi, na kichwa cha kusomea husubiri kwa wastani nusu yake. Kabla ya hapo kichwa chenyewe lazima kisogezwe, jambo lichukualo milisekunde 12 hivi. Mwanafunzi akipiga hesabu ataona kuwa diski haiwezi kufikia vipande vya taarifa vilivyotawanyika vizidivyo sitini hivi kwa sekunde, ilhali kuiwasha kompyuta huhitaji maelfu. Kichakataji, ambacho ndicho hulaumiwa, hukaa bure kikingoja. Hifadhi ya SSD haina kinachozunguka. Taarifa hutunzwa kama chaji za umeme ndani ya transista, na hufikiwa kwa sehemu ya kumi ya milisekunde au chini yake.

Mashine nyingi za miaka hiyo, kama ThinkPad X220 ya 2011, hupokea SSD ya inchi 2.5 ya mtengenezaji yeyote, kwa bisibisi na skrubu chache. Si kila kampuni ilipendezwa na uhuru huo. Apple kwa miaka kadhaa iliziwezesha SSD zake tu kutumia TRIM, yaani amri iijulishayo hifadhi ni sehemu zipi zilizoachwa wazi. Mwaka 2015 ndipo toleo la OS X 10.10.4 lilipomruhusu mwenye mashine kuiwasha kwa SSD za wengine. Leo kompyuta kadhaa mpya zina hifadhi iliyolehemiwa kabisa. Shule inunuayo au kupokea msaada ingefaa iulize kwanza kama hifadhi yaweza kutolewa, kabla ya kuuliza rangi na wembamba.

SSD haiongezi nguvu ya kichakataji, tena huweza kufa ghafla bila mlio wala onyo. Alama za mitihani ni lazima ziwe na nakala pengine. Diski ya zamani isitupwe. Ikishafutwa taarifa zake, ifunguliwe mbele ya darasa, wanafunzi wauone mkono na sahani ing'aayo iliyowachelewesha.