Bustani Yetu: Mamumunye Yangu na Nyuki wa Jirani

Juma hili nataka kuwaeleza habari za mamumunye machanga, yale ambayo wachuuzi wa soko la Nakuru huyaita kojeti. Wako watu wanaodhani kwamba mboga hii ni ya hoteli na wageni tu. Sivyo. Mmea wa ukoo huu ulilimwa huko Meksiko yapata miaka 10,000 iliyopita, nao hustawi vema katika bonde letu lenye jua la mchana na udongo mwepesi wa volkeno. Lakini kabla ya kufundisha sina budi kuungama kosa, maana kosa hilo ndilo lililonifundisha.

Mimi ni karani wa serikali, na nyumba yangu iko upande wa Njoro. Mshahara wa karani, kama mjuavyo, hufika ukiwa umekwisha kugawanywa. Kwa hiyo bustani iliyo nyuma ya jiko ni nusu ya chakula chetu. Mwaka mmoja, mvua za masika zilipoanza, nilipanda mashina 12 ya mamumunye. Majani yakawa mapana kama ungo, na maua ya manjano yakapendeza macho. Lakini kila tunda lilipofikia urefu wa kidole liligeuka rangi, likaoza nchani, likaanguka. Hatukupata hata sufuria moja. Mke wangu akasema huenda udongo umechoka. Mimi nikawashuku wajukuu wa jirani, nikawakemea hadharani kwamba wanayachezea matunda yangu.

Jirani huyo ni mzee wa Kiogiek, watu waliojulikana tangu zamani kwa kurina asali katika msitu wa Mau. Alikuwa na mizinga mitatu ya magogo karibu na mpaka wetu. Asubuhi moja alipiga hodi, naye ameshika karatasi iliyokunjwa. Ndani yake mlikuwa na nyuki waliokufa.

"Bwana Karani," akaniambia, "hawa nimewaokota chini ya mizinga yangu. Wewe hupuliza dawa ya wadudu saa ngapi?"

"Saa moja asubuhi, Mzee, kabla sijaenda kazini."

Akatikisa kichwa. "Ndiyo saa ambayo ua la mumunye liko wazi. Umewaua wakunga wa shamba lako mwenyewe, kisha ukawagombeza wajukuu wangu bure."

Sikuwa na la kujibu.

Sasa sikilizeni sababu yake. Mmumunye una maua ya namna mbili katika shina moja. Ua dume husimama juu ya kikonyo chembamba. Ua jike lina kitunda kidogo nyuma yake. Ili kitunda hicho kikue, unga wa manjano uitwao chavua lazima utoke katika ua dume ufike katika ua jike. Unga huo hunata, hauchukuliwi na upepo; huchukuliwa na nyuki. Tena ua jike hufunguka alfajiri, hufumba kabla ya adhuhuri, wala halifunguki tena. Asubuhi hiyo moja ikipita bila nyuki, tunda limepotea. Msihangaike, hata hivyo, mkiona maua ya kwanza yanaanguka yote: mara nyingi hayo ni madume matupu, na majike hufuata baadaye.

Basi fanyeni hivi. Chimbeni mashimo yenye nafasi ya sentimita 90 hivi kati ya shimo na shimo, mtie samadi iliyooza vizuri, mpande mbegu mbili au tatu kwa kina cha sentimita 2 au 3, kisha mbakize mche mmoja wenye nguvu. Wenzetu wa Molo na Mau Narok wajihadhari na baridi kali, kwani mmea huu hauipendi hata kidogo. Mwagilieni maji shinani, si juu ya majani. Vidukari wakiwa wachache, maji ya sabuni yanatosha. Ikiwa hapana budi kutumia dawa, pulizeni jioni, nyuki wakiwa wamekwisha kurudi mzingani, na mzifuate siku za kungoja zilizoandikwa katika chupa.

Mahali pasipo na nyuki, mtu na awe nyuki mwenyewe. Chuma ua dume lililofunguka asubuhi hiyo, ondoa majani yake ya manjano, kisha ugusishe unga wake katikati ya ua jike. Ua dume moja laweza kutosha majike mawili au matatu.

Baada ya majuma 7 au 8 tangu kupanda, mavuno huanza. Kateni kwa kisu tunda lingali na urefu wa sentimita 15 hadi 20, ngozi yake ikipenyeka kwa ukucha. Msiliache likawa kubwa kwa tamaa, kwa sababu shina lenye tunda lililokomaa hulegea kuzaa mengine. Kaangeni na kitunguu na nyanya, mle kwa ugali.

Msimu uliofuata niliacha kupuliza dawa asubuhi, na mashina 6 tu yakatulisha sisi na majirani. Kikapu cha kwanza nilikipeleka mwenyewe kwa yule mzee, nikawaomba radhi wajukuu wake mbele ya watu, kama nilivyowakemea mbele ya watu. Walinisamehe upesi, kama ilivyo desturi ya watoto. Lakini mmoja wa mizinga ile mitatu ulikuwa umebaki mtupu, na hasara hiyo sikuweza kuilipa kwa mamumunye.

Wazee walituambia tufuate nyuki tule asali. Nami naongeza: tumwache nyuki afanye kazi yake, tule na mboga.