Kazi ya Mikono ni Wito: Funzo la Lokichoggio kwa Kakuma

Wahenga walinena kwamba mgeni ni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Methali hii husemwa mara nyingi kwa mzaha, hasa mgeni akawiapo kuaga, lakini ndani yake mna heshima kubwa. Kumpa mtu jembe ni kumwambia kwamba sasa yeye ni mmoja wetu, na kwamba shamba letu lina nafasi ya mikono yake. Katika kambi ya Kakuma wapo wageni walioingia mwaka wa 1992 wakiwa watoto, na leo ni wazazi. Kwa miaka mingi walipewa chakula pasipo kupewa jembe, na sasa chakula chenyewe kimepunguzwa.

Mwaka wa 2025 Marekani ilisitisha sehemu kubwa ya misaada yake ya kigeni, na shirika lake la USAID likafungwa Julai mosi. Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilipunguza mgao wa Kakuma na Kalobeyei, na kuanzia Agosti likazigawa familia katika makundi kulingana na mahitaji yao, hata nyingine zikaachwa bila chochote. Kulizuka maandamano na vurugu. Tunazungumza hapa juu ya watu wapatao 300,000, mbali na wenyeji Waturkana ambao hali yao si bora sana.

Mengi yamekwisha kuandikwa juu ya fedha na siasa za jambo hili. Mimi nataka kuuliza swali jingine, ambalo naamini litabaki hata fedha zikirudi kesho. Je, mtu aliyehesabiwa kwa miaka 30 kama kinywa cha kulishwa ataanzaje kujiona kuwa mtenda kazi mbele za Mungu? Na sisi tunaojiita Wakristo, tuliojenga makanisa mengi katika nchi hiyo kavu, tumemfundisha nini kuhusu kazi?

Jibu halihitaji kutafutwa mbali. Lipo Lokichoggio, mji ulio katika barabara itokayo Kakuma kuelekea mpaka wa Sudan Kusini, mwendo usiozidi kilomita 100. Mwaka wa 1987 Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu ilifungua pale hospitali ya Lopiding kwa ajili ya majeruhi wa vita vya Sudan. Miaka miwili baadaye Umoja wa Mataifa ulianzisha mpango mkubwa wa misaada uliojulikana kwa jina la Operation Lifeline Sudan, na uwanja wa ndege wa Loki ukawa miongoni mwa viwanja vyenye shughuli nyingi katika bara hili. Wakati wa njaa ya Bahr el Ghazal, mwaka wa 1998, ndege kubwa za aina ya Hercules zilipaa kutoka hapo zikiwa zimesheheni nafaka ya kudondoshwa kutoka angani. Mji ukajaa maghala, karakana na mikahawa. Watu wakapata kazi za kupakia magunia, kulinda malango, kupika, kufua, kuendesha malori na kutafsiri.

Kisha amani ikaja. Tarehe 9 Januari 2005 mkataba ulitiwa sahihi jijini Nairobi, na vita vya miaka 21 vikafikia kikomo. Mashirika yakaanza kuhamia Juba. Mwaka wa 2006 hospitali ya Lopiding ikakabidhiwa serikali ya Kenya. Ndege zikapungua, maghala yakafungwa, na amani iliyoombewa makanisani kwa miaka yote hiyo ikawa ndiyo iliyomwachisha kazi mpakiaji wa Loki. Riziki ya mji mzima ilikuwa imejengwa juu ya dhiki ya jirani, na wakazi wake hawakuandaliwa kwa siku ambayo dhiki hiyo ingekwisha.

Wapo wasemao kwamba hilo ni suala la uchumi tu. Nakubali kwamba uchumi una sehemu yake, ila naona pia kosa la imani, nalo lina historia yake. Wakati wa ukoloni Turkana ilikuwa wilaya iliyofungwa, na mgeni hakuingia bila kibali. Njaa kali ya mwanzoni mwa miaka ya sitini ndiyo iliyowafungulia wamisionari milango. Mapadre wa Kiltegan kutoka Ireland waliwasili mwaka wa 1961, na Injili ikaingia pamoja na unga. Sisemi hilo kwa kuwalaumu. Walilisha wenye njaa kama walivyoagizwa na Bwana wao, wakajenga shule na zahanati mahali ambapo serikali haikuwa imejenga. Hata hivyo, matokeo yake ni kwamba watu wengi walilijua kanisa kwanza kama ghala. Mhubiri alikuwa mtoaji, na muumini alikuwa mpokeaji.

Kutokana na hayo kukazuka desturi ya kuzigawa kazi mafungu mawili. La kwanza huitwa "kazi ya Mungu", nalo ni la padre, mtawa, katekista na mfanyakazi wa shirika la misaada. La pili huitwa kibarua, nalo ni la watu wengine wote: mwashi, fundi cherehani, mchota maji, mwendesha bodaboda, msusi wa vikapu vya majani ya mkoma. Fungu la kwanza huombewa hadharani siku ya Jumapili. La pili hutajwa wakati wa kutoa sadaka.

Mgawanyo huo hauna msingi katika Maandiko. Mtu wa kwanza ambaye kitabu cha Kutoka chasimulia kwamba Mungu alimjaza Roho wake kwa ajili ya kazi ni Bezaleli, aliyekuwa fundi wa kuchonga mbao na kufua dhahabu. Watu wa Nazareti walimjua Yesu kama seremala, tena walimdharau kwa sababu hiyo. Mtume Paulo alishona mahema Korintho akiwa na Akila na Prisila, asije akamlemea mtu. Katika karne ya 16 Martin Luther alikataa fikra kwamba watawa na mapadre peke yao ndio wenye wito. Naye Papa Yohane Paulo wa Pili, aliyewahi kufanya kazi katika machimbo ya mawe na kiwanda cha kemikali huko Poland wakati wa vita, aliandika katika waraka wake wa Septemba 1981, Laborem Exercens, kwamba thamani ya kazi hutokana kwanza na utu wa yule aifanyaye, hata iwe kazi duni namna gani machoni pa watu.

Isitoshe, lugha yetu yenyewe imelishika jambo hili. Neno mchungaji latumika kwa mwenye mbuzi na kwa mwenye kanisa. Mturkana anayeamka alfajiri kutafuta malisho, akachimba kisima cha mchangani katika mkondo mkavu wa Tarach na kuwanyweshea mifugo wake kwa zamu, anafanya kazi ile ile ambayo Biblia iliazima jina lake ili kumweleza Mungu. Iweje basi kijana afundishwe kuiona kazi hiyo kuwa ni ushamba, na kazi ya kweli ni ile ya kukaa lango la ofisi yenye bendera?

Tuirudie Loki, kwa maana mfano ulikuwepo pale pale. Nafaka iliyodondoshwa na ndege ilitiwa katika magunia yaliyovikwa mengine juu yake, ili yasipasuke yatuapo. Yupo mtu aliyeyafunga magunia yale katika joto la ghala. Hakumwona kamwe mama wa Bahr el Ghazal aliyeyaokota, lakini kama angefunga kwa uzembe, mama huyo angekuta nafaka imetapanyika vumbini. Huko Lopiding kulikuwa na karakana ya viungo bandia. Fundi aliyepima vibaya kwa sentimita moja alimhukumu mwathiriwa wa bomu la ardhini kuchechemea na kuumia. Kwa watu hawa wawili, upendo wa jirani ulihusu uzi, sindano na kipimo. Nauliza: ni mara ngapi walisikia mahubiri yaliyowaambia hivyo?

Kama wangesikia, kuondoka kwa ndege kungewauma vile vile mfukoni. Mahubiri hayalipi karo. Lakini wangejua kwamba mwajiri ndiye aliyeondoka, na wito umebaki. Ufundi wa mikono, uaminifu wa karani asiyepunguza kipimo, uangalifu wa dereva katika barabara ya hatari, hivyo havikupakiwa ndegeni kwenda Juba.

Najua kuna pingamizi, nalo ni zito. Msomaji ataniambia kwamba kumhubiria maskini kuwa kazi ni ibada ni ujanja wa kale wa matajiri, wapate kumlipa kidogo naye ashukuru. Ataongeza kwamba Paulo mwenyewe aliwanyima chakula wasiofanya kazi. Hapa yafaa tusome kwa makini. Paulo alinena juu ya wasiotaka kufanya kazi. Hakunena juu ya waliokatazwa. Kwa miongo kadhaa mkimbizi wa Kakuma hakuruhusiwa kutoka kambini bila kibali, na njia ya kuajiriwa kwa haki ilikuwa imezibwa. Mwalimu mkimbizi na mwalimu Mkenya wamefundisha katika shule moja, mmoja akilipwa mshahara na mwingine posho isiyofikia sehemu ndogo ya mshahara huo. Waraka wa Yakobo wasema wazi kwamba ujira uliozuiliwa humlilia Mungu. Kwa hiyo mhubiri atakayesifu kazi akanyamaza juu ya ujira amehubiri nusu ya neno, na nusu hiyo yaweza kuwa mbaya kuliko kimya.

Yapo mambo ya kufanywa. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka wa 2021 ilitambua haki ya mkimbizi kufanya kazi, na Machi 2025 serikali ilizindua Mpango wa Shirika wenye nia ya kuzigeuza kambi kuwa makazi ya kudumu. Haki iliyoandikwa na haki inayotendeka ni vitu viwili. Vibali vitolewe bila kuzungushana, na mwenyeji Mturkana asiachwe nyuma, kwani naye ana haki ya kuuliza ni jembe gani amepewa katika nchi yake mwenyewe. Serikali ya kaunti kule Lodwar ingeweza kununua madawati na milango ya shule kutoka kwa mafundi wa Kakuma na Loki kabla ya kuagiza kutoka Kitale. Mashirika yanayopunguza shughuli yawaachie wafanyakazi wake zana na vyeti, badala ya barua za shukrani tu.

Ama kwa makanisa, yasijifiche nyuma ya serikali. Wasalesiani wa Don Bosco wamefundisha useremala, uashi, uchomeleaji na ushonaji huko Kakuma tangu mwaka wa 1993, wakionyesha kwamba karakana yaweza kuwa sehemu ya parokia. Kila kanisa lingeweza kufanya hivyo kwa kadiri yake: kumpa fundi nafasi ya kusema mbele ya waumini, kuziombea zana kama tunavyoziombea mbegu, kuwaunganisha wenye ufundi na wasio nao, na kumlipa kwa wakati yule anayejenga ukuta wa kanisa lenyewe. Hili la mwisho si dogo. Mwashi anayedai ujira wake kwa mzee wa kanisa mwezi wa tatu haamini tena mahubiri juu ya wito.

Katika mfano wa shamba la mizabibu, mwenye shamba alitoka saa kumi na moja jioni akawakuta watu wamesimama sokoni. Aliwauliza sababu, wakamjibu kwamba hakuna aliyewaajiri. Hakuwaita wavivu. Aliwapeleka shambani, na jua lilipotua akawalipa ujira wa siku nzima. Watu wa Loki wamesimama sokoni tangu mwaka wa 2005, na sasa wa Kakuma wanajongea kusimama kando yao. Wanaojiita watumishi wa mwenye shamba wanapaswa kutoka kwenda kuwatafuta kabla giza halijaingia.